Fupi ndiyo, rahisi hapana
Kuna mwandishi kasema eti Action Directe, ile njia ya kupanda mwamba, ni "kinjia kifupi tu", duh! Fupi kweli, ila hebu ning'inia kwa vidole viwili kwenye kitobo cha mwamba uliokuinamia halafu uruke ukadake kitobo kingine uone. Mpandaji Mjerumani Wolfgang Güllich alipoimaliza 1991 huko Frankenjura, Ujerumani, alishajitesa vya kutosha kwenye ule ubao wake wa vijiti wa kupanda kwa mikono tu bila miguu, na mpaka leo wapandaji dunia nzima wanautumia (kwangu mimi hiyo ndo kubwa kuliko hata gredi yake ya ugumu, 9a). Mpandaji wa pili, Alexander Adler, akairudia 1995, miaka minne mizima baadaye, na mwanamke wa kwanza, Melissa Le Nevé, kaipata 2020. Ufupi umesaidia nini hapo jamani