Alama za Prosesa Zilizopimwa Katika Baridi ya Wengine

Katika duka moja la laptopu za mitumba hapa mjini, kila mashine sasa imebandikwa karatasi yenye alama ya Geekbench, programu inayopima kasi ya prosesa (kitengo cha kompyuta kinachofanya hesabu zake), kwa wino mwekundu, na bei imeandikwa chini yake kana kwamba imezaliwa na namba hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akimtafutia bintiye mashine ya chuo aliuliza, "Mwanangu, hii namba ni ya nini?" Akajibiwa, "Hiyo ndiyo nguvu yake, mama. Kubwa ndiyo bora." Mama akaridhika. Mimi sikuridhika, na hasira hizo ndizo zilizoniketisha kuandika.

Kubwa kuliko ipi? Katika Geekbench 5, alama 1,000 ni kiwango cha mashine yenye prosesa ya Intel iitwayo Core i3-8100. Katika Geekbench 6, kiwango cha kulinganishia ni alama 2,500 za Core i7-12700. Prosesa moja ikipimwa kwa matoleo hayo mawili hutoa namba mbili zisizoweza kuwekwa kwenye mzani mmoja, na karatasi zile hazikutaja toleo hata moja. Hazikusema pia kama alama ni ya kori moja, yaani sehemu moja kati ya zile zinazofanya kazi ndani ya prosesa, au ya kori zote. Wino mwekundu, hata hivyo, ulikuwa mzuri sana.

Hayo ningeyasamehe. Nisiloweza kulisamehe ni kwamba namba hizi huzungumzia sekunde chache za mwanzo wa kazi, ilhali sisi wa Pwani tunaishi na yale yanayofuata. Chukua Core i5-8250U ya mwaka 2017, ambayo imejaa katika laptopu za maofisini zinazotufikia kutoka Ulaya. Intel yenyewe inaeleza kwamba kasi yake ya msingi ni gigahezi 1.6, ya juu kabisa ni 3.4, na kiwango chake cha kawaida cha umeme ni wati 15. Kati ya kasi hizo mbili kuna tofauti ya zaidi ya maradufu, na prosesa haichagui yenyewe itakaa wapi. Kwa muda mfupi huruhusiwa kutumia umeme mwingi kupita wati zile, nayo hukimbia. Kisha muda ukipita, au joto likipanda, hurudishwa chini. Itarudi hadi wapi ni jambo linaloamuliwa na feni, na bomba la shaba linalobeba joto, na mipangilio ya kiwanda kilichounda laptopu, ndiyo maana mashine mbili zenye prosesa ile ile hupishana mno kwa kazi ya saa nzima.

Sasa tia hesabu ya hali yetu ya hewa. Prosesa hii hujizuia inapokaribia nyuzi 100, na wingi wa joto linaloweza kuondolewa hutegemea tofauti baina yake na hewa inayovutwa na feni. Katika chumba cha nyuzi 20, tofauti hiyo ni 80. Katika chumba cha Majengo alasiri ya mwezi wa Machi, kaskazi inapomalizika na upepo ukagoma, hewa huwa nyuzi 32 na tofauti ni 68. Kwa kukadiria tu, feni ile ile ikizunguka vile vile huondoa joto pungufu kwa asilimia 15, na hapo sijagusa vumbi, wala dawa ya kupitishia joto iliyokwisha kukauka baada ya miaka mitano ya utumishi ughaibuni. Kuhusu wanaoiweka laptopu juu ya godoro, nisiseme.

Geekbench kwa makusudi husimama kidogo kati ya jaribio na jaribio ili joto lisiathiri matokeo. Watengenezaji wake wameliandika jambo hilo wazi, na kwa lengo lao, yaani kuipima prosesa yenyewe, wana hoja. Lakini mnunuzi hanunui prosesa yenyewe. Ni kama kumpima hamali wa Marikiti kwa kumkimbiza mikono mitupu, ukimpa nafasi ya kuvuta pumzi kila kona, kisha ukamkabidhi mkokoteni wa viazi. Vijana wanaohariri video za harusi mjini humu huziacha mashine zao zikifanya kazi usiku kucha, na hakuna bwana harusi anayevumilia kusubiri video yake ati prosesa inapumzika kati ya akdi na karamu.

Wapo pia wanaodanganya. Mwaka 2018, kampuni ya UL iliziondoa baadhi ya simu za Huawei katika orodha ya 3DMark, jaribio lake la kupima uwezo wa michoro, kwa kuwa zilijiongezea nguvu kila zilipolitambua jaribio hilo. Na mwaka 2024, shirika la SPEC, linalotunga vipimo vya kompyuta, liliyakataa matokeo zaidi ya 2,600 ya prosesa za Intel kwa sababu ya mbinu iliyolenga jaribio moja tu.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba bila vipimo tungebaki na maneno ya wauzaji, na hayo ni mabaya zaidi. Mwanafunzi atakayeandika insha na kufungua kurasa za intaneti atafaidika na alama ya kori moja, mradi toleo liwe moja, kwani kazi yake ni ya kushtukiza na kuisha.

Wengine wote waombe Cinebench R23, programu nyingine ya kupima prosesa, ambayo jaribio lake la kori zote kwa kawaida huendelea kwa dakika 10, na waitazame alama ya mwisho, si ile inayojitokeza mwanzoni. Lirudiwe papo hapo kabla mashine haijapoa, kisha lirudiwe tena chaja ikiwa imechomolewa, kwa sababu laptopu nyingi hupunguza nguvu zinapotegemea betri. Alama zote tatu ziandikwe kwenye ile karatasi, hata kwa wino mwekundu. Na muuzaji akikuelekeza kwenye meza iliyo chini ya kiyoyozi, mwombe kwa adabu aisogeze mashine mlangoni.