Masalia ya supanova za zamani yasiachiwe redio peke yake

Mi naona hii tabia ya kuchukulia masalia ya supanova, yaani mabaki ya nyota zilizolipuka, kama kazi ya darubini za mawimbi ya redio na za eksirei tu inatukosesha mengi yanayoonekana kwa mwanga wa kawaida. Sikatai, galaksi yetu ina masalia kama 300 yanayojulikana na mengi yalipatikana kwa redio, na eksirei nayo imefanya makubwa, tena satelaiti ya kwanza ya kazi hiyo, Uhuru, ilirushwa hapo hapo pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Ila eksirei inataka gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Ikishapita miaka makumi elfu wimbi la mlipuko limepungua kasi, gesi iliyogongwa imepoa mpaka kwenye digrii 10,000 hivi, na hapo ndo inawaka kwa mwanga wa kawaida, nyuzinyuzi nyembamba zilizotanda angani kama zile za kundinyota la Cygnus ambazo mwanaastronomia William Herschel aliziona tangu 1784 bila kujua ni mabaki ya nyota iliyolipuka.

Kinachonifurahisha zaidi ni ile mbinu ya salfa. Unapiga picha mbili za sehemu moja, moja kwa filta ya haidrojeni, nanomita 656, nyingine ya salfa, 672 na 673, zote nyekundu yaani kwa macho huwezi kutofautisha kabisa. Halafu unagawanya mwanga wa salfa kwa ule wa haidrojeni. Nebula ya kawaida, yaani wingu la gesi angani, inayowashwa na nyota za moto inatoa salfa kidogo, kwa sababu mionzi ya hizo nyota inaipokonya salfa elektroni zaidi, lakini gesi iliyogongwa na wimbi inapopoa inaacha salfa nyingi ya kung'aa kwenye rangi hiyo, kwa hiyo ukipata zaidi ya 0.4 una sababu nzuri ya kusema hapa pamelipuka nyota. Hesabu ya kugawanya tu!

Na sio historia hii. Masalia ya Antlia, kwenye kundinyota la jina hilo, yalitambuliwa 2002 kupitia picha za haidrojeni, na yana upana wa digrii kama 24 hivi, ni miezi mpevu zaidi ya 40 ikipangwa mstari, na hakuna aliyejua yapo. Mwaka 2021 mwanaastronomia Robert Fesen wa chuo cha Dartmouth, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa masalia matatu makubwa, Antlia likiwemo, yote yako mbali na ukanda wa galaksi yetu, ule mkanda wenye nyota nyingi angani, na kwenye timu walikuwemo wapiga picha wa anga wasiolipwa na chuo chochote, kina Marcel Drechsler na Xavier Strottner.

Ndo maana nawaambia vijana wetu wenye kamera na lenzi pana, wekezeni kwenye filta ya salfa pia, msiishie ya haidrojeni. Katikati ya Aprili, saa tatu usiku, Antlia iko juu kabisa upande wa kusini ukiwa Dodoma.