Boti ya Kukaa Mbali na Mama Mkwe

Kwa Waganda, mwanamume hamsogelei mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye karibu, na wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja wao anapisha vichakani. Mimi Mswahili, mama yangu ni wa Mombasa, lakini nimezaliwa hapa hapa Jinja na nimeoa Mukono, kwa hiyo mila nilizipokea pamoja na mke. Sasa shida ikawa kwamba riziki yangu ni kupeleka watu kutazama chanzo cha Nile kwa kiboti cha jeti chenye viti vinne, na mama mkwe alikuwa ameshalalamika, kupitia kwa mke wangu, kwamba wazungu wa dunia nzima wamepelekwa ila yeye.

Viti vinne! Ningemweka wapi? Hata ningempa kisogo, magoti yake yangenigusa mgongoni.

Sababu za biashara zilikuwepo pia. Mzungu anakuja na mwenzake na kamera. Familia ya Kampala siku ya Idi inakuja na watoto, kreti ya soda, na shangazi mmoja anayeogopa maji lakini hataki kuachwa nyuma. Nikaanza kuulizia boti kubwa, ya mtumba, yenye injini mbili na viti mbele kabisa na nyuma kabisa. Katikati niliwaza kumpanga shemeji, kaka yake mke wangu, awe mpaka wa kimataifa.

Muuzaji akaja kutoka Kampala, boti ikiwa juu ya trela, futi 24, nyeupe, inang'aa kwa nta. "Boti yako hii, bosi," aliniambia hata kabla hajazima gari. Ilikuwa ya mzungu wa Entebbe, alisema, aliitumia Jumapili tu. Kwa nini kila chombo cha mtumba kinachoingia Uganda kilikuwa cha mcha Mungu, sijui.

Nilimwita mjomba, ambaye zamani alikuwa fundi kwenye meli zilizokuwa zikivusha mabehewa kati ya Port Bell na Kisumu. Mjomba hana imani na boti za jeti. Boti ya jeti haina propela nje: injini inazungusha impela, kama pangaboi dogo la chuma, ndani ya bomba, maji yanafyonzwa kupitia wavu wa chuma chini ya tumbo, kisha yanarushwa nyuma kwa nguvu kupitia nozeli, mdomo wa bomba. Ukigeuza usukani, nozeli ndiyo inayogeuka. Ukiachia mafuta, maji hayatoki, na usukani unabaki pambo.

Mjomba akalala chali chini ya trela na tochi ya simu, akaingiza vidole hadi kwenye impela, akapapasa ukingo wa kila jani. "Hii imekula mawe."

"Mawe madogo, mzee," muuzaji akasema.

Kijana wa muuzaji akaunganisha mpira wa maji ili tusikie injini tukiwa nchi kavu, akafungua maji kabla ya kuwasha. Mjomba alipiga kelele hadi boda wa barabarani wakageuka. Unawasha injini kwanza ndipo maji, na kuzima ni maji kwanza ndipo injini, ama sivyo maji yanarudi ndani ya injini na hapo umenunua tangi. Kijana akaapa anajua. Injini zote mbili zikanguruma vizuri, lazima niseme haki.

Tukaenda Masese, mwalo wa wavuvi wa hapa Jinja, kuijaribu ziwani. Mama mkwe alikuwa ameshafika, gomesi ya njano, lile gauni la Kiganda, na mapajani leso aliyopewa na mama yangu siku ya harusi. Mke wangu ndiye aliyemwambia. Ili apande bila kushikwa mkono na mimi, vijana waliigeuza boti, mkia ukatazama ufukweni, akapanda kwa ngazi ya nyuma akisaidiwa na shemeji, akapita hadi mbele kabisa. Mimi nilikuwa majini nimegeukia Tanzania.

Nikapanda wa mwisho. Mkia ulikuwa bado umekaa mchangani, maji ya magotini. Nyuma yetu, hatua chache tu, akina mama walikuwa wameanika mukene, dagaa wa ziwa hili, juu ya nyavu, zimetandazwa fedha tupu kuanzia majini hadi kwenye vibanda.

"Subiri tuisukume kwanza," mjomba akasema kutoka ufukweni.

"Boti yako hii ina nguvu, bosi, tazama," muuzaji akasema, akasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho.

Boti haikwenda popote. Kilichokwenda ni maji na mchanga, kwa nyuma, kwa kimo cha paa la kibanda. Mukene waliinuka wote kwa pamoja, wakaruka, wakatua juu ya mabati, juu ya boda, juu ya mjomba. Waliobaki walisombwa na maji yakirudi, wakaingia ziwani walikotoka asubuhi. Palikuwa na ukimya wa nukta moja. Kisha wakashuka kalooli, wale ndege vipara wenye mwendo wa makarani, wakaanza kula bila haraka.

Akina mama wakainuka na fagio. Muuzaji, badala ya kuachia mafuta, aliganda. Mkia ukanasuka, boti ikaruka kama mbuzi aliyeona kisu, na Masese ikawa nyuma yetu ikitutukana kwa lugha nne.

"Mwambie mkwe wangu," sauti ikatoka mbele, "kwamba ni kubwa, lakini ina fujo."

"Anasema ina fujo," shemeji akanifikishia.

"Mwambie mama ndiyo tunaijaribu."

"Anasema mnaijaribu."

Mbele yetu gugumaji lilikuwa limetanda. Nikamwonyesha muuzaji, akaachia mafuta ili akate kona, na mnakumbuka nilivyosema kuhusu usukani na pambo. Tukaingia katikati, moja kwa moja. Injini ya kushoto ikalia, ikapanda sauti, ikaacha kusukuma. Ya kulia ikaendelea, basi tukaanza kuzunguka mahali pamoja. Silaumu sana, maana Aprili 2020 kisiwa cha mimea kilielea hadi kwenye bwawa la umeme la hapa Jinja, kikaziba mitambo na nchi ikalala gizani, sembuse boti ya futi 24. Lakini katika mzunguko ule upepo ukaichukua leso ya mama mkwe, ikapaa, ikatua majini ubavuni, ikavutwa chini ya tumbo kama aliyeitwa. Injini ya kulia ikakohoa na kunyamaza.

Sasa tukawa tunaelea.

Muuzaji akachomoa kamba ya usalama ili injini isiwake kwa bahati mbaya, akafungua kifuniko cha nyuma cha kusafishia, akaingiza mkono hadi kwapani. Akatoa mizizi ya gugumaji. Akatoa nusu ya kandambili. Akatoa uzi mrefu wa nyavu. Kisha akaanza kutoa kitambaa, vipande vipande, na cha kwanza kilikuwa na maandishi: NYOTA YA MWENZIO. Alivuta tena, likaja shina la gugumaji. USISAFIRIE ilikuwa imejizungusha kwenye impela na haikutoka.

Nikashika kile kipande, nikakumbuka ni nguo ya nani, nikakirusha kwa shemeji kana kwamba kinaungua.

Mvuvi mmoja akaja na mashua ya mbao, injini ya nyuma yenye nguvu za farasi 15. Alitutazama, akaitazama boti, akataja bei ya kutuvuta ambayo ilionyesha ameithamini boti kuliko sisi. Halafu akasema pua iwe nyepesi, kwa hiyo aliyekaa mbele arudi nyuma.

Nyuma nilikuwa mimi.

Basi mama akarudi nyuma na mimi nikahamia kwa mvuvi. Nilirudi Masese nimekalia sangara, mmoja bado akipumua.

Akina mama wa mukene walikuwa wanangoja. Mmoja alikuwa amekaa juu ya trela na anamnyonyesha mtoto, dalili kwamba haondoki. Mkubwa wao akauliza swali moja tu: "Boti ni ya nani?"

"Ya kwake," nikasema.

"Ya bosi," muuzaji akasema. "Asubuhi nzima namwambia ni yake."

"Sijalipa hata shilingi."

Ubishi huo uliendelea hadi alasiri. Mjomba, magamba yakiwa bado nywelini, alinivuta pembeni akanong'ona kwamba tumbo la boti ni zima, injini ni nzima, impela hununuliwa, na muuzaji hana trela. Nikaanza kushuka bei. Kutoka milioni 60 tukafika 44, na kila alipokataa yule mama kwenye trela alihamisha mtoto titi.

Hati ya mauzo tuliiandikia pale pale, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Boti moja, trela moja, funguo mbili. Chini yake, kwa mwandiko wa shemeji na kwa amri iliyotoka mbali: muuzaji atalipa mukene mabeseni 6, na leso doti moja, mpya, yenye maneno kamili.