Je, Jackie Stewart alikuwa kocha mzuri kama alivyokuwa dereva?

Kwenye soka tumeisikia hoja hii mpaka tumeizoea: mchezaji mkubwa mara nyingi hawi kocha mkubwa, kwa sababu aliyoyafanya kwa kipaji hawezi kuyaeleza. Nani wa kuipimia hoja hiyo kwenye mbio za magari kuliko Jackie Stewart? Mskoti huyu alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1969, 1971 na 1973, akashinda mbio 27 kati ya 99, kisha akatumia miaka mingi kuwafundisha wengine kuendesha. Mimi namhesabu kuwa mwalimu wa kweli. Lakini wanaomtilia shaka wana hoja ambazo mashabiki wake huzipita haraka mno.

Tuanze na François Cévert, Mfaransa aliyejiunga na timu ya Tyrrell mwaka 1970 akiwa na kasi nyingi na uzoefu mdogo. Stewart hakumficha kitu. Mahali pa kukanyaga breki, gia ya kila kona, namna ya kulitunza gari hadi mwisho wa mbio, vyote alimpa. Mwaka 1971 Cévert alishinda Watkins Glen, Marekani, na msimu wa 1973 wawili hao walimaliza wa kwanza na wa pili mara tatu. Moja ya hizo ilikuwa Nürburgring, Ujerumani, na Stewart mwenyewe alikiri baadaye kwamba siku ile kijana angeweza kumpita wakati wowote aliotaka. Bingwa gani mwingine husema hivyo kuhusu mbio alizoshinda yeye?

Mwenye shaka atajibu kwamba ukarimu huo haukumgharimu kitu. Tyrrell ilikuwa na dereva namba moja, naye ni Stewart. Cévert alijua nafasi yake. Kumfundisha msaidizi wako si sawa na kumfundisha mpinzani. Ni kweli, ila kuna jambo linaloibadilisha picha: tangu Aprili 1973 Stewart alikuwa ameamua kustaafu mwisho wa msimu, na Cévert ndiye aliyekuwa arithi uongozi wa timu. Kwa hiyo alikuwa akimwandaa mrithi. Tatizo ni kwamba hakumwambia. Siri hiyo aliijua Ken Tyrrell, mwenye timu, na wachache sana. Hata mke wa Stewart hakuambiwa. Tarehe 6 Oktoba 1973 Cévert alifariki katika ajali wakati wa mazoezi ya kupanga nafasi hukohuko Watkins Glen, bila kusikia kwa mwalimu wake kwamba zamu yake imefika. Tyrrell ikajiondoa, na mbio ambazo zingekuwa za 100 kwa Stewart hakuzikimbia. Naelewa kwa nini alinyamaza, maana hakutaka mkewe ahesabu mbio zilizobaki. Hata hivyo, naona mwanafunzi yule alistahili kuambiwa.

Zile kona za mfululizo ziitwazo Esses, ambako Cévert alifia, zina somo lake. Kwa maelezo ya Stewart, yeye alizipita kwa gia ya nne, injini ikizunguka taratibu ili gari litulie. Cévert alipendelea ya tatu, yenye nguvu ya haraka lakini inayolifanya gari fupi kama Tyrrell kuwa jepesi kushtuka. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba gia ndiyo iliyosababisha ajali, na si haki kumfanya marehemu mfano wa mwanafunzi mkaidi. Ninachokiona mimi ni kwamba hata baada ya misimu minne ya kufundishwa na bingwa, Cévert alibaki dereva mwenye mtindo wake, na Stewart hakumlazimisha kuuacha.

Ufundishaji wenyewe ulikuwa wa hisia zaidi kuliko nadharia. Stewart ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, iliyogunduliwa alipokuwa amepita miaka 40, baada ya shule kumwona mjinga. Pengine ndiyo maana alipendelea kuonyesha. Zoezi lake linalojulikana sana ni la bakuli lililofungwa juu ya boneti, ndani yake mna mpira, na kazi yako ni kuendesha bila mpira kuanguka. Ukiachia breki ghafla, mpira unaruka nje. Ukikata usukani kwa pupa, vilevile. Mtu anajiona kosa lake papo hapo.

Mwaka 1988 yeye na mwanawe Paul walianzisha timu ya kulea vijana. Humo walipita Gil de Ferran na Dario Franchitti, ambao baadaye walishinda Indianapolis 500, mbio kubwa za magari za Marekani. Jan Magnussen naye alishinda mbio 14 kati ya 18 za Formula Three ya Uingereza, ngazi ya vijana chini ya Formula One, mwaka 1994. Hapa wapinzani wana nguvu zaidi: timu tajiri huchagua vijana ambao tayari ni wazuri. Tena Magnussen huyohuyo, alipopandishwa hadi timu ya Stewart ya Formula One mwaka 1997, hakung'ara. Mwaka 1998 alipata pointi yake ya kwanza Kanada, na baada ya mbio hizo hizo akaondolewa. Mwalimu anapokuwa pia mwajiri, mwanafunzi hajui kama leo anasahihishwa au anapimwa afukuzwe.

Ndiyo maana kesi ya Romain Grosjean, dereva wa Formula One wa timu ya Lotus, inanivutia zaidi. Mwaka 2012 alisababisha ajali kubwa kona ya kwanza Ubelgiji, akafungiwa mbio moja, kisha akarudia kosa Japani kwa kumgonga dereva mwenzake Mark Webber mwanzoni mwa mbio. Stewart alijitolea kumsaidia, na Grosjean akakubali. Msimu wa 2013 Grosjean alipanda jukwaani, yaani alimaliza katika tatu bora, mara sita. Sifa zote si za Stewart, kwa kuwa Grosjean alikuwa akimwona pia mwanasaikolojia, na gari la Lotus lilikuwa zuri. Lakini safari hii Stewart hakuwa mwenzake wa timu wala bosi wake, na kati ya kesi zote hizi ndiyo ningeitanguliza mbele ya mtu asiyeamini kwamba mzee huyu anajua kufundisha.