Fainali ya Afrika tumecheza, Tanga bado tunaomba zege

Tarehe 30 Aprili 2025 Tanzania ilicheza fainali ya Afrika. Narudia maana hapa Ngamiani, Tanga, ukiwaambia watu wanakuuliza fainali ipi tena hiyo. Fainali ya futsal ya wanawake, ule mpira wa miguu wa watano kwa watano kwenye kiwanja kidogo, Rabat, tena na Morocco wenyewe wakiwa kwao, tukafungwa 3-2. Bao moja tu jamani! Na ndo ilikuwa mara ya kwanza kabisa Afrika kuwa na kombe hilo kwa wanawake, timu 9, alafu zile mbili za fainali zote zikakata tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza la futsal ya wanawake, Ufilipino, Novemba mwaka huohuo.

Mie niliangalia kwenye simu, bando linakaribia kukata, tumebanana watatu kwenye benchi na mabinti wawili ninaowafundisha mpira jioni. Hawakupiga kelele hata kidogo, walikuwa wanatazama miguu. Kesho yake wakaja na swali moja, mwalimu na sie tunachezea wapi hiyo?

Hapo ndo nilipokwama, na ndo maana naandika.

Kwasababu ukiitazama vizuri futsal ni chandimu yetu iliyowekewa sheria. Watano kwa watano kipa akiwemo, mita 40 kwa 20, mpira namba 4 usiodunda sana, dakika 20 mara mbili lakini mpira ukitoka saa inasimama kwahiyo hakuna cha kujilaza chini kuvuta muda. Mpira ukitoka pembeni haurushwi, unapigwa kwa mguu na una sekunde 4 tu. Faulo nazo zinahesabiwa, kuanzia ya sita kwenye kipindi wenzenu wanapiga moja kwa moja golini na hamruhusiwi kuweka ukuta. Yani mchezo wa kufikiri haraka sehemu finyu, na watoto wetu wamekulia sehemu finyu.

Nina binti mmoja wa darasa la sita, anakanyaga mpira kwa unyayo, anauvuta nyuma, anageuka, beki anapita mzima mzima. Hajafundishwa na mtu. Uani kwao kuna mnazi katikati, ukipiga mbele mpira unagonga mnazi unakurudia, kwahiyo kajizoeza kuuvuta. Sasa mtoto kama huyo namchezesha kwenye mchanga ambao mpira hauviringiki, kipaji kinaishia hapo hapo.

Mwaka jana tuliomba kiwanja kimoja cha basketi, kina zege safi, jioni mbili tu kwa wiki. Mhusika akatujibu mabinti wapelekwe netiboli. Iliniuma sana, sio kwamba nadharau netiboli, mama yangu kaicheza mpaka kaolewa, ila nani kasema binti achaguliwe mchezo wa kupenda? Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri wao kule India 2022, hawa wa futsal wamecheza fainali ya Afrika, bado tu tunajibiwa hivyo.

Na hatuombi Mkwakwani. Waachieni Coastal na African Sports uwanja wao. Sisi tunaomba zege na mistari. Kiwanja cha basketi ni mita 28 kwa 15, ni kidogo kuliko cha futsal lakini kwa kujifunzia kinatosha kabisa, rangi ya njano unachora juu ya ile nyeupe na wa basketi wanaendelea na mambo yao bila shida. Magoli ni mabomba, upana mita 3, urefu kwenda juu mita 2.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu keshasema akiletewa mabomba magoli yote mawili anayamaliza kwa siku mbili, hela ya ufundi hataki, na yeye ana binti. Rangi tumeshachangishana. Mwenye zege hapa Tanga, iwe Chumbageni, Makorora au popote pale, atupe hizo jioni mbili tu, Jumatatu tunakuja na ndoo na brashi.