Baiskeli elfu kwenye simu, na hakuna ya kwenda nayo Mikindani

Ukitafuta baiskeli kwenye simu usiku, baada ya kumaliza kusahihisha madaftari, ikifika saa tano utakuwa umejua mambo ambayo hukuomba kuyajua. Utajua kwamba Shimano, kampuni ya Kijapani, kwa miaka mingi imepanga vifaa vyake vya gia za baiskeli za milimani kwa madaraja: Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT, XTR. Za barabara ya lami zina ukoo wao mwingine, kuanzia Claris mpaka Dura-Ace. Utajua kuna breki za waya na breki za mafuta, mnyororo wa gia 8 na mnyororo wa gia 12, pedali za kiatu chochote na pedali zinazonasa kiatu maalumu chenye chuma chini ya soli, na kaptula zenye sponji makalioni, za kiume mbali na za kike mbali. Siti peke yake zina kurasa na kurasa. Mwishowe unazima simu, unalala, na hujanunua kitu.

Watu husema shida ni wingi: vitu vimezidi, akili imeelemewa. Nakubaliana nao nusu. Kinachonichosha zaidi ni kwamba ndani ya wingi wote huo sioni chombo kilichotengenezwa kwa safari ninayoifanya mimi.

Safari yenyewe haina makuu. Natoka Shangani, hapa Mtwara, naenda kazini, nikirudi napita sokoni. Jumapili, jua likilegea, naambaa ghuba hadi Mikindani, kilomita kama 10, kisha narudi. Kusi likivuma, kwenda unasukumwa na kurudi unalipa deni. Njiani kuna lami, kuna changarawe, kuna vichochoro vya mchanga laini unaomeza gurudumu, na juu ya yote kuna chumvi ya bahari inayokula chuma mchana na usiku, hata baiskeli ikiwa imeegeshwa ndani. Mimi nimevaa dera. Nyuma nimefunga mfuko wa madaftari, na siku nyingine mchele na nazi.

Sasa tovuti inaniuliza: wewe ni mwendeshaji wa milimani, wa barabarani, wa changarawe au wa mjini? Jamani, mimi ni wote hao kabla sijafika sokoni.

Ukishajibu unaonyeshwa mamia ya baiskeli, na ukizitazama kwa utulivu utaona ni moja tu iliyopakwa rangi tofauti. Bomba la juu limenyooka toka usukani hadi kwenye siti, kwa hiyo mwenye dera akitaka kupanda lazima alikunje mpaka magotini, hadharani, mbele ya vijana wa bodaboda. Mnyororo uko wazi, unasubiri kitambaa. Keria hakuna, na mara nyingi fremu haina hata matundu ya kuifungia. Stendi hakuna. Kengele hakuna. Madigadi hakuna, maana yake mvua za Januari zitakuchora mstari wa tope mgongoni na utaingia nao darasani.

Na vitu hivyo ndivyo Phoenix, ile baiskeli ndefu ya Kichina, ilivyokuja navyo tangu zamani: keria ya chuma ya kubeba gunia la korosho, stendi ya miguu miwili, kengele, kinga ya mnyororo ya bati. Kwenye duka la mtandaoni vyote vimegeuka kuwa nyongeza, unanunua kimoja kimoja. Hapo wingi unazaliwa mara ya pili, kwa sababu keria nazo ziko za kila aina na nyingi hazitaingia kwenye fremu yako.

Sitaki kuisifia Phoenix kupita kiasi. Kwa sasa ninayotumia ni ya kaka yangu, naipanda kutokea ukingoni mwa baraza maana ni ndefu, na naifahamu tabia yake. Ni nzito. Breki zake za fimbo zikilowa ni za kuombea dua. Kupanda nayo uwanda wa Makonde kuelekea Newala sijathubutu, na wanaothubutu nawavulia kofia.

Jirani yangu ameshanichoka. "Shoga, mchagua nazi hupata koroma," akaniambia. "Nunua tu." Msemo ni mzuri, ila tuukumbuke wote. Mnunuzi wa nazi anaishika, anaipima uzito mkononi, anaitikisa sikioni asikie maji, na muuzaji wala hakasiriki. Baiskeli ya kwenye simu utaitikisaje?

Hapo ndipo tunapoachana na wenzetu wanaotuandikia ushauri. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mtu aliyenunua kitu mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo na kukirudisha, tena bila kudaiwa sababu. Ndiyo maana washauri wao hawana wasiwasi: agiza saizi mbili za kofia ngumu, jaribu, rudisha isiyokaa. Mimi kofia yangu imefika Dar es Salaam, imepakiwa kwenye basi, imekuja zaidi ya kilomita 500, nimelipia mzigo pale stendi. Irudi wapi? Nikibonyeza, nimebonyeza. Wingi ule ule ambao kwa mtu wa Ulaya ni mchezo wa kujaribu, kwangu ni kamari ya mshahara, na mtu anayecheza kamari kwa mshahara wa mwalimu ana haki ya kusita mpaka saa tano usiku.

Njia niliyoipata ya kutoka humo ni kuanzia chini, kwenye tairi. Kabla ya chapa, kabla ya gia, kabla ya rangi, jiulize: tairi hili nikipata pancha ya kulichana Jumatatu asubuhi, nitalipata Mtwara siku hiyohiyo? Swali hilo moja hufuta karibu ukurasa mzima.

Lakini tairi nalo lina fujo yake, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza. Inchi zilizoandikwa kwenye baiskeli hazitoshi kukuongoza. Tairi la 26 kwa 1.75, lile nene la baiskeli za milimani, linakaa kwenye rimu ya milimita 559. Tairi la 26 kwa 1 3/8, lile jembamba, linakaa kwenye rimu ya milimita 590. Yote mawili ni "26", na huwezi kuvalisha moja kwenye rimu ya mwenzake hata ulivute kwa bisibisi mpaka kesho. La Phoenix, 28 kwa 1 1/2, ni 635. Ipo "28" nyingine ya baiskeli za Ulaya ambayo ni 622. Kisha 622 hiyohiyo huitwa 700C kwenye baiskeli za mbio, na huitwa 29 kwenye za milimani. Yaani rimu moja imepewa majina matatu, na jina moja limepewa rimu mbili, halafu tunaambiwa sisi wanunuzi ndio hatuelewi.

Achana na inchi. Soma namba ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 47-559 au 40-635. Ya kwanza ni unene. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo ndiyo ya kuandika kwenye karatasi na kwenda nayo kwa fundi.

Nilikwenda nayo. Fundi wetu yuko chini ya mwembe, na matairi yake yananing'inia tawini, kwa hiyo huhitaji kumuuliza mengi, unainua macho tu. Kulikuwa na 635 za Phoenix na 559 nene. Basi. Za 622 anaagiza Dar akipata mteja wa uhakika. Za 590 hajaletewa muda mrefu. "Mwalimu, wewe nunua unayoipenda," akasema, "ila ikichanika usije ukaninunia mimi."

Kutoka maelfu ya baiskeli, nikabaki na saizi mbili za kuchagua. Nilipumua, japo kwa shingo upande, kwa sababu baiskeli niliyokuwa nimeipenda ilikuwa mtumba wa Japani. Zile wanazopanda kina mama wa huko kwenda dukani na kupeleka watoto shule. Fremu imeshuka katikati, unapanda na dera lako bila fedheha. Mbele kikapu, juu ya mnyororo kinga, madigadi kamili, stendi, taa ya dinamo, na kufuli iliyofungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Kuna mtu mbali huko aliwahi kukaa chini akamfikiria mwanamke mwenye sketi na mzigo! Ila nyingi katika hizo zina lile 26 jembamba, 590, na tawi la mwembe limeshajibu.

Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam anasema huo ni woga. Ushauri wake: nunua 29 yenye breki za mafuta, agiza na matairi mawili ya akiba, maisha yaendelee. Kwa mtu mwenye Kariakoo karibu sina ubishi. Lakini breki ya mafuta ikiingia hewa inahitaji vifaa vyake na mafuta yake. Shimano hutumia mafuta ya madini, baadhi ya kampuni nyingine hutumia ya DOT, kama ya breki za magari, na ukikosea ukaweka ya huku kule, mipira ya ndani inaharibika. Breki ya waya inahitaji waya.

Ana hoja moja lakini, na inaniuma. Anasema kama kila mtu atanunua kile ambacho fundi anacho tayari, fundi ataleta lini kitu kipya? Hizo 559 zilifika tawini kwa sababu kuna watu walitangulia kununua baiskeli za milimani bila kumuuliza mtu. Kweli kabisa. Basi wawe watu haohao tena, wenye pikipiki nyumbani ya kuwafikisha kazini tairi likigoma. Mimi kengele ya shule hainisubiri.

Ukishamalizana na tairi, mengi yaliyobaki yanajipanga. Gia, kwa hesabu ya magurudumu ya meno ya nyuma: mnyororo wa baiskeli za gia 6, 7 na 8 ni wa aina moja na unapatikana, kadiri gia zinavyoongezeka mnyororo unakonda, na wa 12 unachagua sana jamaa zake. Njia ya Mikindani haina mlima wa kudai 12. Siti: ikalie. Hakuna ukurasa utakaoyajua makalio yako.

Kofia ngumu sifanyii mzaha, na huko ndiko maneno ya matangazo yalikozidi. Tafuta alama ya EN 1078 kwa zinazofuata kipimo cha Ulaya, au CPSC kwa kile cha Marekani. Yenye alama ya kweli imefikia kiwango cha chini cha kipimo hicho, iwe ya bei ndogo au kubwa. Pesa inayoongezeka hununua wepesi, matundu ya hewa na sura, na baadhi zina tabaka la ndani liitwalo MIPS, lililowekwa kupunguza kuzungushwa kwa kichwa kinapogonga chini kwa mshazari. Kwa joto letu la Februari matundu si anasa, hilo nalipigia kura. Ya mtumba siigusi hata iwe na jina kubwa namna gani: povu la ndani limetengenezwa kufanya kazi mara moja, likishabonyea limekwisha, na ufa wake unaweza usiuone. Wenzangu wa hijabu, nendeni mkiwa mmejifunga vile mnavyojifunga siku ya kazi, mtandio mwepesi, bila banio wala fundo kisogoni, ndipo mpime. Maduka ya mtandaoni huulizia mzunguko wa kichwa kana kwamba wote tunatembea vichwa wazi.

Mafuta ya mnyororo yamegawanywa ya mvua, ya ukavu na ya nta, na kila chupa ina wapenzi wake. Huku wengi tunapaka oili chafu ya pikipiki, nyingi, inachuruzika. Oili hiyo inanasa mchanga, na mchanga wenye oili unasaga meno ya gia taratibu. Tumia yoyote nyepesi uliyoipata, tone kwa tone, halafu futa kwa kitambaa mpaka ionekane kama hukupaka kitu.

Nilipofikia ni hapa: rimu ya 559, fremu iliyoshuka katikati, breki za waya, gia 6 au 7, keria ya chuma, madigadi. Ipo na naimudu. Inachokosa ni kinga ya mnyororo. Za plastiki nilizoziona hazitafikisha mwaka kwenye jua hili, na ile ya bati ya Phoenix haiingii kwa sababu krenki ya baiskeli hii ina magurudumu matatu ya meno badala ya moja. Fundi anasema ataikata na kuichomelea mpaka ikubali. Mimi nasema nione kwanza alichomfanyia mtu mwingine. Mwenye kujua duka linalouza ya bati inayoingia kwenye 26 nene, liwe Lindi, Masasi au hata Kariakoo, anijulishe, na aniambie kama wanaruhusu kuijaribisha kabla ya kulipa. Ikiwezekana kabla ya Oktoba, maana minada ya korosho ikianza kaka ataitaka Phoenix yake.