Kifundo cha mkono kikivunjika uzeeni: plasta au vyuma?

Mzee akiteleza na kutanguliza kiganja, mara nyingi huvunjika mfupa wa kigasha wa upande wa dole gumba, karibu kabisa na kifundo. Kwa mwenye osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungua uimara, upande wa nyuma wa mfupa huo hupondeka. Ndiyo hoja kuu ya wanaotaka upasuaji: ukiunyoosha leo na kufunga plasta, wiki ya pili umeshapinda tena. Bamba la chuma, ambalo skrubu zake hujifunga kwenye bamba lenyewe, hushika hata mfupa laini.

Hoja ni ya kweli, lakini picha nzuri ya eksirei si mkono mzuri. Utafiti wa Austria wa 2011 kwa wenye miaka 65 na zaidi haukuona tofauti ya maumivu wala utendaji kati ya plasta na bamba baada ya miezi 12. Ule wa Australia na New Zealand wa 2021, kwa wenye miaka 60 na zaidi, ulifikia hapohapo. Hata hivyo, wa Austria uliona waliowekewa bamba wakishika kwa nguvu zaidi, ingawa matatizo yao yalikuwa mengi zaidi. Kwa bibi wa Masindi, Uganda, anayelima kwa jembe na kubeba jerikani, nguvu hiyo si jambo dogo.

Bado, kwa wengi ningechagua plasta, mradi ifungwe vizuri: dawa ya ganzi, lidokaini ya asilimia 1, mililita 10, ichomwe ndani ya damu iliyoganda penye mvunjiko, subiri dakika 10, msaidizi ashike juu ya kiwiko, wewe mhudumu uvute. Anza na plasta ya nusu, isiyozunguka mkono wote, kwa sababu ya uvimbe. Usikikunje kifundo mno kuelekea kiganjani, neva itabanwa. Vidole viachwe huru, vikunjwe na kunyooshwa kila saa. Eksirei irudiwe wiki ya 1 na ya 2. Hapa ndipo Uganda tunapoteza wagonjwa, nauli ikikosekana. Plasta hutolewa wiki ya 5 au 6. Ganzi ya vidole au maumivu yanayozidi ni kurudi usiku huohuo, si kwenda kwa mwunga mifupa kukandwa.

Mvunjiko wenye kidonda, neva iliyobanwa isiyopata nafuu baada ya kunyooshwa, au kiungo kilichoteguka: huyo apelekwe kwa mpasuaji bila mjadala.

Pande zote mbili husahau osteoporosisi yenyewe, na mvunjiko unaofuata huweza kuwa wa nyonga. Dawa yake ni alendroneti, miligramu 70, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na glasi nzima ya maji. Asijilaze kwa nusu saa baada ya kuimeza. Asiyeweza kukaa wima, au mwenye figo dhaifu sana, asipewe. Kalsiamu ipo hata kwenye mukene, dagaa wa Uganda, ukiliwa na mifupa yake.